William O'Shaughnessy, kijana aliyepima damu ya wagonjwa wa kolera

Mwezi wa saba 1994, jina la Munigi lilisikika dunia nzima kwa habari ya huzuni. Kolera iliingia kati ya wakimbizi waliotoka Rwanda. Katika mwezi wa kwanza, wakimbizi karibu 50.000 walikufa kandokando ya Goma, wengi kwa kolera na kuhara kwingine. Waliopona, wengi waliokolewa na serumu. Msingi wa serumu ile uliwekwa mwaka 1831 na kijana wa miaka 22.

William Brooke O'Shaughnessy alizaliwa 1809 Limerick, nchini Ayalandi. Alisoma uganga Edinburgh, akamaliza 1829. London hakupata ruhusa ya kutibu watu, basi akashika kazi ya kupima sumu na damu kwa njia ya kemia.

Mwaka 1831 kolera ikaingia Uingereza kupitia bandari ya Sunderland. Waganga wa wakati ule walikuwa wanamtoa mgonjwa damu, na hali inazidi kuwa mbaya. O'Shaughnessy akaenda kule, akapima damu ya wagonjwa. Akakuta imekuwa nzito, imepoteza maji, chumvi na bikaboneti, ndugu ya magadi tunayotia katika maharagwe. Vitu vile vilikuwa vimetoka na kuhara. Kwa wale ambao mkojo wao ulikatika, damu ilijaa yurea, takataka ambayo kazi ya mafigo ni kuitoa.

Kwa nini hiyo inaua? Kila siku mwili wetu unatengeneza asidi kutokana na chakula na kazi. Sehemu moja inatoka kwa pumzi. Ile isiyoweza kutoka kwa pumzi inabaki kwa mafigo. Mafigo mawili yanachuja karibu litre 180 kwa siku, lakini mkojo unaotoka ni litre moja ao mbili tu. Katika kuchuja, yanarudisha karibu bikaboneti yote ndani ya damu, yanatengeneza ingine mpya, na yanatupa asidi katika mkojo. Hivi pH ya damu inabaki kati ya 7,35 na 7,45.

Kolera inaharibu mambo pande mbili. Kuhara kunabeba bikaboneti. Tena maji yakipunguka, damu haifiki vizuri kwenye mafigo, mkojo unakatika, asidi inabaki ndani. Mgonjwa anapumua haraka na kwa nguvu, sababu mapafu yanajaribu kusaidia, lakini hayatoshi.

O'Shaughnessy akashauri kurudisha maji na chumvi ndani ya mishipa. Mwezi wa tano 1832, munganga Thomas Latta akajaribu kule Leith, Scotland. Mama mmoja mzee aliyekuwa karibu kukata roho akaamka. Latta akamuacha, kuhara kukarudi, na kisha saa chache mama akafa. Kurudisha mara moja hakutoshi kama mwili unaendelea kupoteza. Latta mwenyewe alikufa 1833, na njia ile ikaachwa miaka mingi.

Mwaka ule ule O'Shaughnessy akaenda India. Akafundisha kemia kwenye shule ya waganga ya Calcutta, kisha akajenga mistari ya telegrafu ya kilometa maelfu. Kwa kazi hiyo akapewa heshima ya Sir mwaka 1856. Alikufa 1889 Uingereza, na wengi walimkumbuka kwa telegrafu kuliko kolera.

Leo serumu ya Ringer inayotundikwa juu ya kitanda cha mgonjwa wa kolera ina maji, chumvi na laktati, ambayo ini linaigeuza kuwa bikaboneti. SRO ya kunywa nayo ina sitrati inayofanya kazi hiyo hiyo. Haitaki kusema umunyweshe mgonjwa magadi: kipimo kiko tayari ndani ya pakiti.

Basi kuhara kwa maji kukianza, anzeni SRO nyumbani, na mumpeleke mgonjwa kwenye kituo bila kungoja. Pale munganga atauliza mgonjwa amekojoa mara ya mwisho saa ngapi. Mumujibu vizuri, sababu anauliza habari ya mafigo. Mkojo ukirudi, ni alama kwamba yameanza tena kusafisha damu.