Gandhi wa Joburg

Wenzangu, sisi tunaosomea uchumi hapa Joburg tunaambiwa maendeleo ni kukua tu. Kumbe Gandhi, wakili aliyekuwa na pesa zake mjini humu, alishaikataa hesabu hiyo!

Mwaka 1910 rafiki yake Kallenbach alimpa bure atumie shamba la ekari 1,100 karibu na Lawley. Wakaliita Tolstoy. Familia za Wahindi waliofungwa gerezani zilihamia pale, zikalima na kushona makubazi. Mjini, maili 21, walikwenda kwa miguu. Kwa matumizi madogo namna hiyo, mgomo haukuvunjwa na njaa.

Waafrika, lakini, hakuwaingiza katika mapambano yake. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Mwaka 1914 aliondoka, akimwachia Jenerali Smuts, aliyemfunga, makubazi aliyoyashona mwenyewe.