Lee de Forest: Aliyeikuza Sauti Asijue Siri Yake

Jina la Lee de Forest halitajwi hapa kwetu Garsen, wala sidhani kwamba linatajwa sana Malindi au Lamu. Hata hivyo kazi ya mtu huyu imetufikia sote tuishio kandokando ya Mto Tana. Adhana ya alfajiri, kasida za Maulidi, taarabu ya harusini, hata sauti ya chifu akiwahimiza watu wahame mabondeni kabla maji hayajafika, yote hayo hupita katika chombo cha kukuzia sauti. Na asili ya chombo hicho ni kitu kidogo cha kioo alichokibuni yeye mwaka 1906.

Nilianza kumtafuta katika vitabu siku nilipoamua kuifufua amplifaya ya stirio ya miaka ya 1960, ile ya valvu, ambayo ilikuwa imelala juu ya kabati muda mrefu. Mtu akishalehemu waya wa kitu, hupenda kujua ni nani aliyekifikiria kwanza. Nilidhani nitakuta maisha ya mwanachuoni mtulivu. Nilichokikuta ni maisha ya kesi.

De Forest alizaliwa tarehe 26 Agosti, 1873, katika mji wa Council Bluffs, jimbo la Iowa, Marekani. Baba yake alikuwa padri wa Kiprotestanti, naye alitaka mwanawe afuate nyayo zake. Mwaka 1879 padri huyo alipewa uongozi wa chuo cha Talladega, Alabama, kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Wazungu wa mji ule waliisusia familia hiyo kwa sababu ya kazi ile. Basi mtoto Lee akakua bila ya rafiki wa kizungu, akicheza na watoto weusi na kujitengenezea vyombo kwa mikono yake. Upadri hakuutaka. Alikwenda Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 1899 akapata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya mawimbi ya stima, yale ambayo Marconi alikuwa akiyatumia kupeleka simu za upepo.

Alitaka umaarufu na alitaka mali, na vyote viwili alivitaka haraka. Mwaka 1902 alishirikiana na mfanyabiashara mmoja, Abraham White, aliyekuwa hodari zaidi wa kuuza hisa kuliko kuuza simu. Hisa ziliuzwa kwa maelfu ya watu wa kawaida, na fedha nyingi hazikufika katika kazi yenyewe. Mwaka 1906 de Forest alitoka katika kampuni hiyo akiwa na kidogo sana, pamoja na haki ya uvumbuzi mmoja ambao wenziwe waliuona hauna thamani.

Uvumbuzi huo ndio valvu yake, aliyoiita Audion. Ndugu msomaji, nipe nafasi nikueleze, maana hapa ndipo penye kiini cha habari. Ndani ya kioo mna waya unaowaka kama wa globu, na mbele yake bamba la chuma. Waya ukipata moto, chembe za stima huruka kwenda kwenye bamba. Mwingereza John Ambrose Fleming alikuwa amekwisha fika hapo mwaka 1904. De Forest aliongeza kitu cha tatu: waya uliopindwapindwa mfano wa wavu, akauweka katikati. Stima dhaifu ikitiwa katika wavu huo, huizuia au huiachia ile stima kubwa ipitayo. Wakulima wa mpunga wa huku kwetu watanielewa upesi. Mlango wa mfereji huweza kuinuliwa kwa mkono mmoja, lakini maji yanayopita hapo ni ya mto, si ya mkono.

La ajabu ni kwamba de Forest mwenyewe hakuelewa vizuri chombo chake kilivyofanya kazi. Kwa miaka aliamini kwamba lazima hewa kidogo ibaki ndani ya kioo, na kwamba hewa hiyo ndiyo inayofanya kazi.

Yeyote aliyewahi kufungua amplifaya ya valvu anajua kosa liko wapi. Juu ya kioo cha valvu nzima huwa na doa linalong'aa kama fedha. Doa hilo likigeuka jeupe kama chokaa, jua hewa imeingia na valvu imekufa. Katika ile yangu, valvu moja kati ya nne za mwisho ilikuwa hivyo. Maradhi makubwa lakini hayakuwa ya valvu. Mashine ilikuwa ikivuma kama nyuki, na dawa ya mvumo ni kapasita. Nilichomoa stima, kisha nikazimaliza nguvu kapasita kubwa kwa kuunganisha rezista kati ya kila moja na bati la mashine, nikapima kwa mita kuhakikisha. Kapasita huficha volti zipatazo 300 hata baada ya waya kutolewa ukutani, na volti hizo huua. Fundi asiyejua hilo asiguse. Nyuma ya transfoma nilikuta vumbi la miaka, na mjusi kafiri aliyekauka mithili ya ng'onda.

Kapasita kubwa zilikuwa zimekauka ndani kwa joto la huku, nikatia mpya zenye volti sawa na zile au zaidi. Zile ndogo za karatasi, zinazopeleka sauti kwenye valvu za mwisho, nazo zilikuwa zikivuja stima; zikiachwa, valvu huwaka nyekundu na kuungua. Hizo nilizibadilisha zote kwa za plastiki, bila kuchagua. Nikaongeza waya wa ardhi ambao mashine za zamani nyingi hazina, na tundu la kuchomekea simu ya mkononi, maana vijana wa nyumbani hawana sahani za santuri. Mvumo ukaondoka.

Nirudi kwa mwenye habari. Mwezi wa Januari 1910 alipeleka hewani uimbaji kutoka jumba la Metropolitan Opera, New York, na sauti ya Mtaliani Enrico Caruso ikasikika redioni, ingawa kwa kukwaruza. Lakini kampuni yake ya pili nayo ikaanguka, na mwaka 1912 alikamatwa pamoja na wenziwe kwa shtaka la kuwadanganya wanunuzi wa hisa kwa njia ya posta. Katika kesi ya mwaka 1913 mwendesha mashtaka aliwaambia wazee wa baraza kwamba Audion ni takataka, na kwamba kuahidi sauti ya mtu itavuka bahari ya Atlantiki ni upuuzi. De Forest aliachiliwa. Wenziwe wawili walitiwa hatiani. Haikutimia miaka miwili, sauti ya mtu ilitoka Arlington, Marekani, ikasikika Paris, nayo ilipelekwa kwa valvu.

Aliyeifanya valvu kuwa chombo cha kutegemewa hakuwa yeye. Mwishoni mwa 1912 aliwaonyesha mafundi wa kampuni ya simu ya AT&T. Mmoja wao, Harold Arnold, akatambua mara moja kwamba hewa yote inapaswa kutolewa. Mwaka 1913 kampuni hiyo ilinunua haki ya kuitumia katika simu kwa dola 50,000, na Januari 1915 ikafungua laini kutoka New York hadi San Francisco. Kwa njia hiyo hiyo ya maikrofoni na valvu makampuni ya santuri yalianza kurekodi kwa stima mwaka 1925, na miaka mitatu baadaye Siti binti Saad akasafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. De Forest hakupata hata kulisikia jina lake.

Jambo linalonitia uzito katika maisha ya mtu huyu ni kesi yake na Edwin Armstrong. Armstrong alikuwa mwanafunzi wa Columbia. Mwaka 1912 aligundua kwamba sauti iliyokwisha kukuzwa ikirudishwa kidogo kwenye wavu wa valvu, hukua tena mara nyingi sana. Alieleza pia sababu yake, jambo ambalo mwenye valvu hakuliweza. De Forest alidai kwamba yeye aliliona kwanza, akatoa daftari la mwaka huo huo. Walishtakiana miaka mingi, na Mahakama Kuu ya Marekani ikampa de Forest ushindi mwaka 1928 na tena 1934. Wahandisi hawakukubali. Armstrong alipokwenda kwenye mkutano wao mwaka huo wa 1934 ili airudishe nishani waliyokuwa wamempa kwa ajili ya kazi ile, walikataa kuipokea.

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa mapema kwamba hukumu ya kadhi haimhalalishii mtu haki ya nduguye, hata akiwa na ushahidi mzuri wa kusema. Simwiti de Forest mwizi. Wavu ni wake, na bila wavu Armstrong asingekuwa na cha kufanyia kazi. Lakini katika hili la pili naona wahandisi walihukumu vyema kuliko mahakama. Armstrong alijiua mwaka 1954, akiwa amechoshwa na kesi nyingine na kampuni kubwa juu ya redio ya FM.

De Forest aliendelea kuhangaika. Miaka ya 1920 alitengeneza sinema yenye sauti, na hapo tena akagombana na mshirika wake. Alioa mara nne. Mke wa pili, Nora Stanton Blatch, alikuwa mhandisi kamili, na ndoa ilivunjika kwa sababu mume alimtaka aache kazi. Mwaka 1950 alichapisha kitabu cha maisha yake, akajipa ndani yake cheo cha baba wa redio. Mwaka 1960 watu wa sinema walimtunukia Oscar ya heshima.

Alikufa Hollywood tarehe 30 Juni, 1961, miezi michache kabla ya gharika kubwa ya Tana ambayo wazee wetu huihesabia miaka. Alikuwa na umri wa miaka 87, na benki aliacha dola 1,250.