Mama Luka, daktari wa Nebobongo

Kila mwezi wa Novemba, tunapokumbuka mwaka 1964 hapa Kisangani, jina la Daktari Paul Carlson hutajwa, na ni haki litajwe. Aliuawa kwa risasi katika mji wetu tarehe 24 Novemba, siku ile askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka. Lakini siku hiyo hiyo, mbali upande wa kaskazini-mashariki, daktari mwingine alikuwa bado mikononi mwa Simba. Alikuwa mwanamke. Watu wa Ibambi walimwita Mama Luka, kwa jina la Luka tabibu.

Helen Roseveare alizaliwa Uingereza mwaka 1925. Alisomea udaktari Cambridge, chuo kikuu ambacho hadi mwaka 1948 hakikuwapa wanawake shahada kamili, hata kama walifaulu mitihani ileile na wanaume. Akiwa mwanafunzi wa chuo hicho alimpokea Kristo. Mwaka 1953 alifika Ibambi akitumwa na misheni ya WEC, ambayo mwanzilishi wake, C. T. Studd, amezikwa hapo hapo.

Alikuta wagonjwa wengi na hakuna daktari. Akaona kwamba peke yake hataweza, akaanza kufundisha vijana uuguzi, na wale wa kwanza wakafaulu mtihani wa serikali. Mwaka 1955 akahamishiwa Nebobongo, kilomita chache kutoka Ibambi, mahali penye kambi ya zamani ya wakoma na nyumba ya kuzalishia. Hospitali ilikuwa bado haijajengwa. Daktari na wanafunzi wake walifyatua matofali na kuyachoma tanuruni. Siku moja aliitwa kutoka tanuruni kwenda kupasua mgonjwa, na dawa ya kuoshea mikono ikamchoma kwenye vidonda vya vidole. Alilalamika kwamba alikuja Kongo kuwa daktari, si fundi wa matofali. Wenzake Wakongo wakamwambia kwamba hospitalini walimwogopa, ila pale tanuruni, mikono yake ikiwa imechubuka kama yao, walijua kwamba anawapenda.

Mwaka 1957 hospitali ilikuwa imesimama. Ndipo viongozi wa misheni walipomleta daktari kijana kutoka Uingereza, John Harris, wakamweka awe mkuu wa Nebobongo. Yeye alikuwa mwanaume, na kwa desturi ya wakati ule hilo lilitosha. Mama Luka, aliyeanza kazi ile mahali pasipo na kitu, akawa chini yake. Hata darasa la Biblia alilokuwa akiliongoza likapewa daktari mpya.

Iliuma, na hakuficha. Mwaka 1958 alirudi kwao likizo akiwa amechoka, akaanza kufikiri kwamba shida yake yote ni kukosa mume daktari: akimpata, ataweza kuendelea na kazi yake bila kunyang'anywa. Tunaomba msomaji atulie hapa kidogo. Mwanamke aliyejenga hospitali alifika mahali pa kuona kwamba njia ya kubaki nayo ni kuolewa. Ndoa hiyo haikutokea. Mwaka 1960 alirudi Kongo akiwa peke yake, mwaka wa uhuru, wakati ambapo Wazungu wengi walikuwa wakiondoka.

Katika makanisa yetu hupendwa kusimuliwa jinsi mchungaji mmoja Mkongo alivyomwonya kwamba watu wanamwona mno Helen, hawamwoni Yesu. Ni kweli, naye alishukuru kwa onyo hilo. Ila tumesikia hadithi hiyo mara nyingi ikihubiriwa kwa akina mama na wasichana wanaoomba nafasi, na hatujaisikia ikihubiriwa kwa wale waliogawa nafasi mwaka 1957. Hapa Kisangani tuna chuo kikuu kilichoanzishwa na Waprotestanti mwaka 1963, na mabinti zetu wanasomea udaktari humo. Wakimaliza, kamati zitakazoamua nani awe mkuu wa kituo cha afya ni kamati zetu.

Daktari Harris alipokwenda likizo, mzigo wote ulimrudia Mama Luka. Hapo hakuna aliyeuliza kama ni mwanamke. Simba walifika Nebobongo Agosti 1964. Mwezi wa Oktoba walimpiga, na alibakwa. Alibaki mateka mpaka siku ya mwisho ya Desemba. Baadaye alisema waziwazi yaliyompata, wakati ambapo wanawake wengi walikaa kimya kwa aibu isiyo yao.

Mwaka 1966 alirudi tena. Alikwenda Nyankunde, Ituri, ambako Daktari Carl Becker na makanisa kadhaa walikuwa wakianzisha kituo kikubwa cha matibabu. Alijenga shule ya wauguzi, akafundisha huko mpaka mwaka 1973. Alifariki Ireland ya Kaskazini tarehe 7 Desemba 2016, akiwa na miaka 91, bila kuolewa. Nebobongo bado inapokea wagonjwa.