Ferguson, mwana wa mkulima aliyeipa trekta mikono

ANAYESAFIRI kutoka Rongo kuelekea Migori wakati wa mavuno ya miwa hukutana na trekta zikikokota matrela yaliyosheheni hadi kiwandani Awendo, na haimchukui muda kabla ya kuliona jina Massey Ferguson ubavuni mwa mojawapo. Upande wa Homa Bay, kwenye udongo mweusi wa Kendu Bay unaonata ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, jina ni lilo hilo. Wakulima hulifupisha wakasema Massey tu. Nusu ya pili, iliyo ya mtu aliyeiwezesha trekta kuishika plau yake, huachwa njiani.

Hata fundi wa kando ya barabara anayeletewa trekta ndogo na kuombwa aitilie matundu ya haidroliki nyuma, ili iweze kubinua trela, hufungua mashine ambayo mpangilio wake uliamuliwa na mtu huyo kabla fundi mwenyewe, na pengine hata babake, hajazaliwa. Ndiyo sababu yafaa maisha yake yajulikane.

Henry George Ferguson, aliyeitwa Harry na wote waliomjua, alizaliwa Novemba 4, 1884 katika shamba la Growell karibu na Dromore, kaunti ya Down, kaskazini mwa Ireland. Alikuwa mtoto wa nne kati ya kumi na mmoja. Babake alikuwa mkulima mkali na mcha Mungu, naye kijana hakuipenda dini ya babake wala jembe lake. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akafanya kazi za shambani kwa shingo upande, na mwaka wa 1902 akamkimbilia kakake Joe aliyekuwa na karakana ya baiskeli na magari jijini Belfast. Huko ndiko alikogundua kwamba mikono yake ilizaliwa kushika spana.

Alishiriki mashindano ya pikipiki, kisha akavutiwa na ndege. Aliunda yake mwenyewe, na Desemba 31, 1909 akairusha huko Hillsborough umbali wa takriban mita 120. Hakuna mtu aliyekuwa amepaa kwa ndege yenye injini nchini Ireland kabla yake. Mwaka wa 1911 alifungua biashara yake ya magari mjini Belfast, na miaka miwili baadaye akamwoa Maureen Watson. Walijaliwa binti mmoja.

Vita Vikuu vya Kwanza ndivyo vilivyomrudisha kwenye kilimo alichokuwa amekitoroka. Uingereza ilikuwa ikihitaji chakula, na mwaka wa 1917 Ferguson akapewa kazi ya kuzunguka Ireland akikagua trekta na kuwafundisha wakulima namna ya kuzitumia. Alizunguka na fundi wake, Willie Sands, ambaye historia haimtaji inavyostahili ingawa mengi yaliyokuja kuitwa ya Ferguson yalipitia mikononi mwake.

Waliyoyaona hayakuwapendeza. Trekta za wakati huo zilikuwa nzito mno, zikiugandamiza udongo, nazo ziliikokota plau kwa mnyororo au chuma kama vile ng'ombe wanavyoikokota. Plau ilipokwama kwenye kisiki au mwamba, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikainuka, na mashine nzima ikampindukia dereva. Watu waliuawa hivyo. Mkulima wa Kuria anayelima kwa ng'ombe anajua kwamba plau ikikwama, ng'ombe husimama. Trekta haikuwa na akili hiyo.

Ferguson alitaka kuipa. Wazo lake, ambalo lilimchukua karibu miaka ishirini kulikamilisha, lilikuwa kwamba trekta na plau visiwe vitu viwili vilivyofungwa pamoja bali kitu kimoja. Aliiunganisha plau kwa viungo vitatu, viwili chini na kimoja juu, vikafanya umbo la pembetatu. Viungo vya chini vilivuta. Cha juu, plau ilipolemewa na udongo, kilisukumwa kuelekea mbele, na msukumo huo ukaikandamiza pua ya trekta chini badala ya kuiacha ipae.

Kisha akaongeza haidroliki. Msukumo wa kiungo cha juu ulibonyeza springi, springi ikasogeza valvu, valvu ikaruhusu mafuta kuingia kwenye pampu, na mikono ya nyuma ikainua plau kidogo mpaka mzigo ukapungua. Plau ilipofika penye udongo laini ilishuka tena yenyewe. Uzito wa plau na wa udongo uliokuwa juu yake ukahamia kwenye magurudumu ya nyuma, na kwa hiyo trekta nyepesi ikaweza kufanya kazi ya trekta nzito. Ilipokumbana na kisiki, magurudumu yaliteleza mahali pamoja na dereva akabaki hai. Hataza ya mfumo huo ilipatikana katikati ya miaka ya 1920.

Kupata hataza ni jambo moja, kupata mtengenezaji ni jingine. Ferguson hakuwa na kiwanda, na tabia yake haikumsaidia. Alikuwa mtu wa usafi uliopita kiasi, mwepesi wa kukosana na washirika, asiyekubali bolti moja kubadilishwa bila idhini yake. Mwaka wa 1933 aliunda trekta ya majaribio iliyopakwa rangi nyeusi. Mwaka wa 1936 kampuni ya David Brown ya Huddersfield, Uingereza, ikaanza kumtengenezea. Zilitoka trekta zipatazo 1,350 tu kabla ya wawili hao kutofautiana.

Oktoba 1938 alivuka bahari kwenda Dearborn, Marekani, kumwonyesha Henry Ford kazi yake. Baada ya trekta kulima, meza ililetwa nje na Ferguson akamweleza tajiri huyo mfumo wake kwa kutumia kielelezo kidogo. Wazee hao wawili, wote wana wa wakulima na wote wakaidi, wakapeana mikono. Ford angetengeneza, Ferguson angeuza. Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi. Juni 1939 trekta ya Ford 9N ikazinduliwa, na katika miaka iliyofuata zaidi ya 300,000 za aina hiyo na ndugu yake 2N ziliundwa.

Hapa mwandishi hana budi kusita. Wapo wanaolisifu tukio hilo kama ushahidi wa uungwana wa zamani. Lakini mkataba wa mikono hudumu kadiri wenye mikono wanavyodumu. Ford alizeeka, mwanawe Edsel akafa mwaka wa 1943, na mjukuu, Henry Ford wa Pili, alipochukua usukani aliona kampuni ikipoteza fedha kwa trekta ambazo mtu mwingine ndiye aliyeziuza. Mwishoni mwa 1946 alitangaza kuuvunja mpango huo. Mzee Ford alifariki Aprili 1947, na mwaka huo huo kampuni yake ikatoa trekta mpya, 8N, iliyokuwa na mfumo wa Ferguson ndani yake lakini bila Ferguson.

Alikwenda mahakamani Januari 1948 akidai dola milioni 251. Kesi ilivuta zaidi ya miaka minne, na mnamo Aprili 1952 wakapatana nje ya hukumu kwa dola milioni 9.25. Kilikuwa kiasi kikubwa, lakini sehemu ndogo ya alichodai. Muhimu kwa mafundi ni kwamba Ford alilazimika kuacha ule mtindo wa valvu kukaa upande ambao pampu hunyonya mafuta, si upande inakoyatoa.

Mtindo huo ndio siri inayowasumbua wanaotaka kuongeza matundu ya nyuma hadi leo. Katika trekta nyingi za kisasa, pampu husukuma mafuta wakati wote na mafuta yasiyohitajika hurudi tangini. Katika mfumo wa Ferguson pampu haisukumi kitu mpaka iambiwe. Ulikuwa ubunifu wa kubana matumizi: mafuta hayakupata joto bure na nguvu haikupotea. Lakini fundi anayefunga valvu ya nje na mpira wa trela kwenye Massey kuukuu, kisha akashangaa kwamba trela halibinuki, mara nyingi amesahau kwamba mtambo unangoja amri. Ndipo watengenezaji wa MF 35 na MF 135 wakaweka kwenye kidhibiti, kando ya kiti, alama ya kuifanya pampu isukume mfululizo.

Njia yenyewe ipo. Juu ya kifuniko cha haidroliki, kando ya kiti, pana mahali ambapo mafuta huweza kuelekezwa nje. Fundi huondoa kizibo au kibamba chake na kufunga valvu ya kugeuza mkondo. Bila valvu hiyo, silinda ya trela na mikono ya nyuma hugawana mafuta yale yale, na mikono huinuka ilhali mwenye trekta alitaka trela tu. Silinda ya trela la kubinua huhitaji mpira mmoja, kwa sababu uzito wa sanduku huirudisha chini. Kifaa kinachosukuma na kuvuta huhitaji mipira miwili na valvu ya aina nyingine.

Jambo jingine ambalo wengi hulipuuza ni kwamba katika trekta hizo mafuta ya haidroliki na ya giaboksi ni yale yale. Trela lililoazimwa kwa jirani, likiwa na maji au mchanga kwenye mpira wake, huyapeleka maji na mchanga huo kwenye gia. Kuufuta mdomo wa mpira kwa kitambaa safi kabla ya kuuchomeka hakugharimu kitu. Vilevile, shinikizo la mafuta hayo huweza kupita paundi 2,000 kwa kila inchi ya mraba. Mpira unaovuja haukaguliwi kwa kidole, maana uzi mwembamba wa mafuta hupenya ngozi na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitalini hata kama linaonekana dogo.

Turudi kwa Ferguson. Wakati ugomvi na Ford ukitokota, alikuwa amekwisha kupata mlango mwingine. Kampuni ya Standard Motor ilikubali kuunda trekta yake katika kiwanda cha Banner Lane, Coventry, na mwaka wa 1946 ikatoka TE20, ndogo, ya rangi ya kijivu, yenye uzito unaozidi tani moja kidogo. Hadi mwaka wa 1956 zaidi ya 517,000 zilikuwa zimeundwa. Aliziuza pamoja na vifaa vyake vyote, kuanzia plau hadi trela la kubinua, na spana moja iliyotumiwa pia kama rula ya kupimia shambani. Ilikuwa na kasoro zake: pampu yake ilisimama mara tu klachi ilipokanyagwa, na hilo lilirekebishwa katika modeli zilizofuata. Lakini ilikuwa imara kiasi kwamba Edmund Hillary na wenzake walifika nazo Ncha ya Kusini ya dunia Januari 4, 1958, zikiwa zimevikwa minyororo.

Mwaka wa 1953 alikubali kuungana na Massey-Harris ya Kanada. Walipotofautiana kuhusu dola milioni moja katika bei, alipendekeza sarafu irushwe. Akashindwa, akapokea hisa za thamani ya dola milioni 16. Mwaka uliofuata alijiondoa baada ya kukosana na wakuu wenzake. Kampuni ilipofupisha jina lake baadaye na kuwa Massey Ferguson, mwenye jina hakuwemo tena.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kwenye magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Watengenezaji hawakumsikiliza, naye alikuwa akisumbuliwa na huzuni nzito na kukosa usingizi kwa muda mrefu. Oktoba 25, 1960 alikutwa amefariki bafuni nyumbani kwake Abbotswood, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 75, baada ya kumeza dawa za usingizi kupita kiasi. Uchunguzi haukuamua kama alikusudia au la. Mwaka mmoja baadaye gari la mashindano lililotumia mfumo wake, likiendeshwa na Stirling Moss, lilishinda mbio za Oulton Park.

Kiwanda cha Banner Lane kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na jina la Massey Ferguson limekuwa mali ya kampuni ya AGCO ya Marekani tangu 1994. Hataza zilikwisha muda wake zamani. Leo trekta ndogo inayofikishwa Oyugis au Uriri, iwe imetoka India, Japani au Uchina, huja na vile viungo vitatu nyuma, viwili chini na kimoja juu.