LUMUMBA: ETI ALIUAWA NA WANAKIJIJI?

Hapa sokoni Nyalikungu nimepata kitabu cha mtumba cha Mbelgiji anaitwa Ludo De Witte, kinahusu kifo cha Patrice Lumumba. Kiingereza chake kigumu kidogo ila nimekimaliza. Wengi wetu tukisikia Lumumba tunafikiria ile ofisi ya CCM pale Dar. Ngoja niwape habari za mwenye jina.

Jamaa alizaliwa 2 Julai 1925, kijiji cha Onalua, Kasai. Chuo kikuu hakufika. Alikuwa karani wa posta Stanleyville (siku hizi Kisangani), akafungwa kwa kuchukua hela za posta, alipotoka akaenda kuuza bia Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Mwaka 1958 akawa kiongozi wa chama cha MNC, na Desemba alikuwepo Accra kwenye mkutano wa Waafrika ulioongozwa na Tom Mboya wa Kenya. Kongo ilipopata uhuru 30 Juni 1960 yeye ndiye alikuwa Waziri Mkuu, zimebaki siku mbili atimize miaka 35.

Raha haikudumu. Ndani ya wiki mbili jeshi likaasi, na Katanga yenye shaba ikajitenga chini ya Moise Tshombe, Wabelgiji wakiwa nyuma yake. 5 Septemba Rais Kasavubu akamfukuza kazi, kisha Mobutu akatumia jeshi kushika nchi. Lumumba alizuiliwa nyumbani, akatoroka Novemba, wakamkamata tena. 17 Januari 1961 akapandishwa ndege na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakapelekwa Elisabethville, yaani Lubumbashi.

Sasa sikieni. 13 Februari serikali ya Katanga ikatangaza kwamba hao watatu walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Kijiji gani? Hawakutaja! Kumbe walipigwa risasi usiku uleule waliofika, Tshombe na mawaziri wake wanaangalia, maofisa wa Kibelgiji nao wapo. Baadaye miili ikafukuliwa na kuyeyushwa kwa tindikali.

De Witte alichimba nyaraka za nchi yake mwenyewe, akaonesha jinsi wakubwa wa Brussels walivyohusika. Kitabu kilipotoka mwaka 1999 kelele zikawa nyingi, Bunge la Ubelgiji likaunda tume. Mwaka 2001 tume ikasema Ubelgiji inabeba lawama ya kimaadili, 2002 serikali ikaomba radhi. Juni 2022 familia ikakabidhiwa jino moja. Mwili mzima wa Waziri Mkuu, kimerudi hicho tu.

Mimi naona hivi: waliyeyusha miili ili asiwepo wa kuuliza, na karibu miaka 40 ujanja ule uliwalinda. Kwa hiyo vijana wenzangu, mkubwa akifa halafu mkaletewa taarifa, ulizeni: kijiji gani, nani aliona, na kaburi liko wapi? Serikali ya Katanga isingeweza kujibu hata moja.

Mnasemaje wadau?