Bwana Runge na Paka Wake

Wazazi wetu wa Mkumbi, na wa Mbinga nzima, waijua kahawa tangu ikiwa mche mpaka ikianikwa juu ya vichanja, na madaftari ya wengi wetu yamenunuliwa kwa fedha zake. Lakini ni wachache wanaojua kwamba mtu wa kwanza kuitoa katika buni ile dawa iitwayo kafeini, ambayo humfanya mnywaji akose usingizi, alifikia kazi hiyo kwa njia ya jicho la paka. Jina lake ni Friedlieb Ferdinand Runge, na habari zake ndizo nitakazowasimulia, ndugu wasomaji.

Alizaliwa mwaka 1794 karibu na mji wa Hamburg, Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, mwenye watoto wengi na mali kidogo. Basi kijana alipokua hakupelekwa chuo kikuu, bali alipelekwa Lübeck kwa mjomba wake aliyekuwa na duka la dawa, ajifunze kuchemsha, kuchuja na kupima.

Siku moja alipokuwa akitengeneza dawa ya mmea mmoja wa sumu, maji yake yalimrukia jichoni. Baada ya muda akaona mwanga unamchoma na vitu vya karibu vimekuwa kama ukungu. Alipojitazama katika kioo, aliona mboni ya jicho lile imepanuka sana, na ya jicho la pili iko vile vile. Mtu mwingine angalinawa, akashukuru Mungu, akasahau. Runge hakusahau.

Wakati ule Wafaransa wa Napoleon walikuwa wameushika mji wa Lübeck, na vijana walikuwa wakiandikwa jeshini. Rafiki yake mmoja akaitwa. Runge mwenyewe alisimulia alipokuwa mzee kwamba alimtia rafiki huyo tone la dawa ile, naye akaonekana ana ugonjwa wa macho, akaachwa aende zake. Siwezi kusema kwamba kudanganya ni jambo jema, lakini nafikiri mama wa kijana yule hakulalamika.

Baadaye Runge alisomea uganga katika vyuo vya Berlin, Göttingen na Jena. Huko Jena alichunguza namna ya kutambua sumu ya mimea hii, kwa sababu kiasi kidogo kabisa kilitosha kupanua mboni ya paka. Habari zikamfikia Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, aliyependa pia elimu ya viumbe. Mwaka 1819 akamwita aje kumwonyesha. Runge hakuwa na nguo za kumfaa kwenda kwa mtu mkubwa, akaazima koti na kofia, akapita katikati ya soko akiwa amembeba paka kwapani, na wanafunzi wenzake wakamcheka sana. Paka alikuwa ametiwa dawa jicho moja tu. Goethe alifurahi mno, na kabla ya kuagana akampa kijasanduku cha buni, akimwambia azichunguze na hizo. Haikupita miezi mingi, Runge akaipata kafeini.

Hapa naomba ruhusa nimwache Bwana Runge kidogo. Dawa ya jamii ile anayo daktari wa macho hata leo. Mboni ni kama dirisha; likiwa dogo, mtu aliye nje haoni vilivyomo ndani ya nyumba. Matone hulegeza msuli mdogo unaoibana mboni, dirisha likafunguka, na daktari akatazama nyuma ya jicho kwa chombo ambacho kilitangazwa na Helmholtz mwaka 1851. Lakini matone hulegeza pia msuli unaotusaidia kuona karibu. Ndiyo maana mwanafunzi aliyetiwa dawa hawezi kusoma kitabu, na jua la mchana humuumiza. Dawa za kupimia kwa kawaida huisha kwa saa chache, nyingine kwa siku nzima. Atropini yenyewe yaweza kukaa wiki moja hata mbili. Tena kwa macho meusi kama yetu dawa huchelewa kushika na huchelewa kuondoka, kwa hiyo usishangae mwenzako akipona kabla yako.

Basi ukienda kupimwa, usiende peke yako, na usipande baiskeli wala pikipiki kurudi. Chukua kofia pana au miwani ya jua. Usichague siku ya kuamkia mtihani. Mwambie daktari mapema kama una presha ya macho, au kama yuko mtu wa nyumbani kwenu aliyewahi kuwa nayo, maana kwa watu wengine mboni ikipanuka maji ya jicho hukosa njia. Ukipewa kichupa cha kutumia nyumbani, nawa mikono, dondosha kiasi ulichoambiwa bila ncha kugusa jicho, kisha fumba na ubonyeze taratibu pembe ya jicho iliyo upande wa pua kwa dakika moja au mbili, ili dawa isishuke puani na kuingia mwilini. Usimpe mwenzako hata kama jicho lake ni jekundu kama lako. Kichupa kifichwe mbali na watoto: mtoto aliyepata dawa nyingi hukauka kinywa, uso huwaka, moyo humwenda mbio, na pengine huweweseka, huyo akimbizwe hospitali. Vivyo hivyo mwenye jicho linalouma sana, jekundu, huku akitapika, asingoje kesho.

Na mnanaha, ule mmea wenye matunda ya miiba unaoota kwenye majalala na kando ya mashamba, una dawa za jamii hiyo hiyo. Ukiung'oa, usijipanguse macho kabla ya kunawa, wala usiule kwa mzaha.

Turudi kwa Runge. Alikuwa profesa Breslau kwa muda, kisha akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha dawa na kemikali huko Oranienburg. Mwaka 1834 alieleza vitu alivyovipata katika lami ya makaa ya mawe. Kimoja ni asidi ya kaboliki, ambayo Lister wa Uingereza aliitumia tangu mwaka 1865 kuzuia vidonda visioze. Kingine ni anilini, ambayo kijana Perkin alipata kutoka kwake rangi ya zambarau mwaka 1856, akatajirika. Runge alikuwa ameona mapema kwamba lami ile yaweza kutoa rangi, lakini wakubwa wa kiwanda hawakulitia maanani jambo hilo.

Mwaka 1852 aliachishwa kazi, na baadaye ukazuka ugomvi juu ya malipo yake ya uzeeni. Hakuoa. Alipenda kupika na kuwakaribisha marafiki, akaandika hata kitabu cha mambo ya nyumbani, kilichotoka mwaka 1866. Alifariki Oranienburg tarehe 25 Machi 1867, akazikwa huko huko.