Septimius Severus: Mwana wa Libya aliyeitawala Roma

Katika jumba la makumbusho mjini Berlin, Ujerumani, kuna ubao wa mviringo wenye picha ya familia moja, iliyochorwa nchini Misri zaidi ya miaka 1,800 iliyopita. Baba ana ngozi ya maji ya kunde na ndevu zenye mvi. Kando yake yuko mkewe, na mbele yao wana wao wawili. Mmoja wa watoto hao hana uso: umefutwa kwa makusudi.

Baba huyo ni Septimius Severus, kaizari wa kwanza wa Roma aliyezaliwa barani Afrika. Alizaliwa tarehe 11 Aprili mwaka 145 huko Leptis Magna, mji wa bandari katika pwani ya Libya ya leo, mashariki ya Tripoli. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba lafudhi ya kwao haikumtoka hadi uzeeni.

Mwaka 193, walinzi wa kaizari mjini Roma walimuua Pertinax, kisha wakakinadi kiti chake kama bidhaa sokoni. Aliyekinunua ni tajiri Didius Julianus. Severus, wakati huo gavana katika eneo la mto Danube, alitangazwa kaizari na majeshi yake, akaingia Roma na kuwafukuza walinzi hao. Kufikia mwaka 197 alikuwa amewashinda wapinzani wake wawili wakubwa, Niger upande wa mashariki na Albinus karibu na Lyon, Ufaransa.

Hakuusahau mji wake. Aliijengea Leptis uwanja mkubwa wa mikutano, jumba la mahakama na barabara yenye safu za nguzo, na bandari yake ikapanuliwa. Baadaye mchanga uliyafunika majengo hayo, na ndio uliosaidia kuyahifadhi hadi wachimbuzi wa mambo ya kale walipoyafukua katika karne ya 20. Mwaka 1982 UNESCO iliyaingiza magofu hayo katika orodha ya urithi wa dunia.

Nyumbani mwake, hata hivyo, hapakuwa na amani. Wanawe, Caracalla na Geta, walichukiana. Mwaka 208, akisumbuliwa na jongo, aliondoka nao kwenda vitani Uingereza, akitumaini pia kwamba maisha ya jeshi yangewarekebisha. Alifariki mjini York tarehe 4 Februari mwaka 211, baada ya kuwausia wapatane.

Mwaka huohuo haukuisha kabla Caracalla hajaamuru nduguye auawe. Geta alikufa mikononi mwa mama yao, Julia Domna. Kisha ikatolewa amri kwamba jina na sura yake vifutwe kila mahali. Kwenye tao la Severus mjini Roma, lililojengwa mwaka 203, jina la Geta liliondolewa na maneno mengine yakawekwa mahali pake, lakini alama za herufi za awali zingali zinaonekana. Hivyo mawe ya Roma na ubao wa Misri vimehifadhi habari za ugomvi ambao usia wa baba haukuweza kuuzima.